Lengo la Somo Litangulie Kishikwambi

Hotuba kwa walimu wakuu, walimu wa taaluma na Maafisa Elimu Kata, Kigoma

Ndugu Mgeni Rasmi, Maafisa Elimu wa Halmashauri zetu, Wathibiti Ubora wa Shule, Maafisa Elimu Kata, walimu wakuu na walimu wenzangu mliosafiri kutoka Kakonko, Kibondo, Kasulu, Buhigwe, Uvinza na vijiji vya mwambao mpaka hapa Kigoma Ujiji, nawasalimu kwa heshima zote, na ninawashukuru waandaaji wa kikao hiki kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu.

Nimeombwa kuzungumzia matumizi ya teknolojia katika ufundishaji. Nitazungumza nikiwa mkufunzi wa walimu, mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kukaa nyuma ya darasa na kutazama somo likiendelea, na hoja yangu ni moja tu: kifaa, kiwe cha thamani gani, hakina nafasi katika somo mpaka mwalimu awe ameshajua kwa hakika mwanafunzi anatakiwa aweze kufanya nini kipindi kitakapokwisha, na awe ameshaona ni mahali gani hasa katika somo hilo ambapo chaki, kitabu na maneno yake mwenyewe havitoshi.

Nalisema hili sasa kwa sababu hali yetu imebadilika haraka. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani kuhesabia watu viligawiwa walimu, na kwa hiyo leo mwalimu wa shule ya msingi iliyo mbali kabisa na barabara ya lami anaweza kuwa na kamera, kinasa sauti, kioo cha kuonyeshea picha na njia ya kuingia katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vyote katika kifaa kimoja kinachoingia kwenye mkoba. Kisha, kuanzia Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa kwa awamu, nao unasisitiza umahiri, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda, kuliko wingi wa mambo aliyoyakariri. Vifaa na mtaala vimetufikia karibu wakati mmoja, lakini kukutana kwao hakutokei kwenyewe. Mwenye kuvikutanisha ni mwalimu anapoandika andalio la somo.

Naomba turudi nyuma kidogo, maana nchi yetu ina uzoefu katika jambo hili kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya elimu kwa redio iliyoitwa Mtu ni Afya, kwa majuma 12, na watu wazima waliokadiriwa kufikia milioni 2 walishiriki, wakati ambapo sehemu kubwa ya vijiji haikuwa na umeme na redio ilisikilizwa kwa betri. Tukiichunguza kampeni ile tutaona kwamba redio ilikuwa sehemu yake moja tu. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo akawaongoza kwa kitabu kilichoandaliwa kuendana na kipindi hicho, wakajadili hali ya kijiji chao wenyewe, kisha wakaamua watakalolifanya kabla ya kukutana tena: kuchimba choo, kufukia madimbwi yanayozalisha mbu, kuchemsha maji ya kunywa. Waandaaji walijua tangu siku ya kwanza kwamba mafanikio yao yangeonekana kwenye vyoo vilivyochimbwa, wala si kwenye idadi ya redio zilizofunguliwa. Kila kipindi, kila ukurasa wa kitabu na kila swali la mjadala viliandaliwa vikielekea kwenye tendo hilo.

Linganisheni na hali ya mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19 na wanafunzi wa shule za msingi wakarejea tarehe 29 Juni. Vipindi vya redio na televisheni vilirushwa, na vilikuwa vya msaada, lakini mtoto aliyesikiliza peke yake nyumbani, asiye na wa kumuuliza alipokwama na asiye na mtu wa kumsahihishia daftari, hakuwa na kile kikundi wala yule kiongozi wa mwaka 1973. Sauti ilimfikia, lakini kazi ya kufundisha ilibaki nusu.

Mfano wa mbali zaidi unatoka Peru, ambako serikali iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi vijijini, kila mtoto na yake. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012, iliyohusisha shule 319, ilionyesha kwamba baada ya miezi kama 15 watoto walizitumia kompyuta hizo na walionekana kupiga hatua kiasi katika majaribio ya jumla ya kufikiri, lakini ufaulu wao katika Hisabati na lugha haukutofautiana na wa wenzao wasiopewa. Walimu hawakuwa wameelekezwa vya kutosha namna ya kuzifungamanisha kompyuta zile na masomo waliyokuwa wakiyafundisha, na mimi naamini hapo ndipo penye jibu.

Hapa kwetu, katika Mkoa wa Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019 watoto karibu 3,000 katika vijiji takribani 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Ilikuwa sehemu ya shindano la kimataifa la XPRIZE, na wengi wa watoto hao hawakuwahi kuingia darasani. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Wapo wanaoitaja habari hii kama ushahidi kwamba kifaa kinaweza kushika nafasi ya mwalimu. Mimi naisoma hivi: programu zile zilifanya kazi kwa kuwa zilijengwa hatua kwa hatua, sauti ya herufi kabla ya silabi na silabi kabla ya neno, kila hatua ikipimwa kabla ya inayofuata kufunguliwa, na pamoja na uangalifu wote huo, watoto wengi bado walibaki bila kuweza kusoma. Hao walihitaji mwalimu.

Sasa niingie darasani, maana mambo haya yakizungumzwa kwa ujumla huwa mepesi mno.

Chukueni somo la Jiografia kuhusu Bonde la Ufa. Lengo tuliandike hivi: kipindi kitakapokwisha, mwanafunzi aweze kueleza kwa mchoro na kwa maneno yake jinsi bonde la Ziwa Tanganyika lilivyotokea. Mtoto wa Ujiji analiona ziwa hili kila siku. Analijua rangi yake asubuhi na jioni, anazijua dhoruba zake. Asichoweza kukiona ni kilicho chini ya maji, na asichoweza kukishuhudia ni mambo yaliyochukua mamilioni ya miaka.

Mwalimu aanze na ubao. Achore mstari kuwakilisha usawa wa bahari, awaambie wanafunzi kwamba uso wa ziwa letu uko meta zipatazo 773 juu ya mstari huo na kwamba kina chake kinafika meta 1,470, kisha kila mmoja apime kwa rula katika daftari lake, sentimeta moja ikiwa ni meta 100. Watapanda sentimeta 7.7, watashuka 14.7, na watagundua wenyewe, kwa mikono yao, kwamba sakafu ya ziwa iko karibu meta 700 chini ya usawa wa bahari. Hapa hakijahitajika kifaa chochote, wala nisingependa kitumike, kwa sababu kushangaa kwa mtoto aliyepima mwenyewe kuna thamani kuliko kushangaa kwa aliyeonyeshwa.

Kisha mwalimu aulize: ni nini kilichochimba shimo hili? Atasikia kwamba ni mito, ni volkano, ni maji yenyewe kwa uzito wake. Ayaandike majibu yote ubaoni bila kusahihisha hata moja. Sasa amefika mahali ambapo chaki haitoshi, kwa maana mchoro wa ubaoni umesimama, na jambo analotaka lieleweke ni mwendo: ganda la dunia kuvutwa pande mbili, kupasuka, na kipande cha katikati kushuka. Hapo ndipo kishikwambi kitoke mkobani, na picha mjongeo ya dakika mbili ifanye kazi ambayo maelezo ya nusu saa hayaiwezi. Lakini isimamishwe kabla kipande hakijashuka, na wanafunzi waulizwe nini kitafuata na kwa nini. Ichezwe tena bila sauti, na safari hii mwanafunzi mmoja aisimulie. Baada ya hapo kifaa kizimwe, na kila mwanafunzi achore hatua tatu za tukio hilo bila kutazama, aandike sentensi chini ya kila mchoro, kisha arudi kwenye yale majibu ya ubaoni na kusema lipi libaki na lipi lifutwe kwa sababu gani.

Najua swali lililo vinywani mwenu: watoto 90 na kishikwambi kimoja? Walimu watatu wakikubaliana kuazimana, darasa hilo linakuwa na vikundi tisa vya watoto kumi kumi, vikundi vitatu vikitazama wakati sita vinamalizia mchoro wa vipimo, na zamu zote tatu zinakwisha ndani ya robo saa. Wanafunzi watatu waelekezwe mapema mahali pa kuisimamisha picha na swali la kuuliza. Picha yenyewe iwe imepakuliwa siku moja kabla, mahali penye mtandao, ihifadhiwe kwenye kifaa, ili somo lisitegemee bando wala mnara wa simu. Hayo ni maandalizi ya kawaida ya zana, kama tulivyokuwa tukikata maboksi kutengeneza kadi za namba.

Wavuvi wetu wa Kibirizi wanapotoka usiku na taa zao, taa huwavuta dagaa juu, lakini wavu ndio unaowaingiza mtumbwini. Video ni taa. Swali, mchoro na sentensi ya mwanafunzi ndivyo wavu, na masomo mengi niliyoyaona yakisifiwa kuwa ya kisasa yalikuwa na taa kali bila wavu wowote: watoto wamekaa kimya, macho yote kwenye kioo, mwalimu amesimama pembeni ameridhika, na kengele inapogonga hakuna daftari lililoandikwa kitu.

Kwa kipimo hichohicho, yako masomo ambayo kishikwambi kinapaswa kubaki mkobani. Mwalimu wa Sayansi anayefundisha mashine rahisi hana sababu ya kuonyesha video ya wenzo iliyopigwa nchi ya mbali, ilhali mitaa kadhaa kutoka shuleni kuna mashine ya kukamulia mawese inayozungushwa kwa mikono. Awapeleke watoto, waishike nguzo yake ya kuzungushia karibu na katikati kisha waishike mwishoni, waone ni wapi nguvu inahitajika zaidi. Mkoa wenye michikichi, ziwa, mashamba ya muhogo na reli iliyofika hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza haukukosa zana za kufundishia.

Niende kwenye matumizi ambayo nayathamini kuliko yote, nayo hayamwonyeshi mwanafunzi chochote. Yanamwonyesha mwalimu.

Watoto wetu wengi wanafika darasa la kwanza wakizungumza Kiha nyumbani, na wanajifunza kusoma kwa Kiswahili huku bado wanajifunza kukisema. Mwalimu wa darasa la pili mwenye watoto 100 anawasikia wakisoma kwa pamoja, na usomaji wa pamoja huwaficha wasiojua: midomo inafunguka, sauti ya jirani inawabeba. Kinasa sauti cha kishikwambi kinaweza kuwatoa mafichoni. Kila siku watoto watano tu waitwe mmoja mmoja, kila mmoja asome kifungu kifupi kwa dakika moja huku anarekodiwa, na kwa siku 20 za masomo darasa lote la watoto 100 litakuwa limesikika. Jioni mwalimu asikilize kwa utulivu. Atamsikia anayesoma herufi moja moja kama anahesabu mawe, anayebadilishana l na r na kusoma kalamu kuwa karamu, anayekisia mwisho wa neno baada ya kuona mwanzo wake, na yule anayesoma haraka bila kujua alichosoma. Hawa ni watoto wanne wenye shida nne, na somo moja la jumla la kusoma halitawafaa wote. Baada ya miezi miwili arekodi tena kifungu cha kiwango kilekile, na azisikilize sauti hizo mbili mfululizo. Hakuna alama ya mtihani inayoweza kumwambia mwalimu, au mzazi aliyeitwa shuleni, jambo lililo wazi namna hiyo.

Kamera nayo ina kazi ya aina hiyo. Mwanafunzi aliyejumlisha robo tatu na nusu akapata nne ya sita hakukosea kwa uzembe. Amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, na ana kanuni kichwani anayoiamini. Mwalimu akipiga picha ya daftari hilo na kuileta kwenye Jumuiya ya Kujifunza ya shule, yaani kikao cha walimu cha kujifunza pamoja, wenzake watakuwa na kitu halisi cha kujadili.

Na wapo watoto ambao kwao kifaa hiki ni njia ya kuingia katika somo. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, na kukaa dawati la mbele hakumtoshi. Mkoa wetu una watoto hawa katika shule nyingi, na Kasulu tunayo Shule ya Kabanga inayopokea wenye mahitaji maalumu. Mwalimu akipiga picha ya ubao au ya ukurasa wa kitabu na kumpa mtoto huyo kishikwambi, akaukuza mwandiko mpaka ufikie ukubwa anaouweza, akapunguza mwanga wa kioo ukimuumiza macho, mtoto huyo anasoma pamoja na wenzake wakati uleule, somo lilelile. Nasisitiza hili mbele ya walimu wakuu: ikiwa shule ina kishikwambi kimoja tu chenye chaji na yuko mtoto wa namna hii darasani, kwanza ni chake.

Kuhusu programu za akili mnemba, ambazo wengi mmeanza kuzitumia kuandika maandalio ya masomo, nitasema kwa kifupi. Nimeyasoma baadhi ya maandalio hayo. Yana mpangilio mzuri, lakini yanadhani darasa lina watoto 25, yanataja vifaa ambavyo shule haina, na wakati mwingine yanatoa habari zisizo za kweli kwa lugha yenye uhakika mkubwa. Mwalimu anaweza kuomba mifano ya maswali au kifungu cha kusoma, akavihakiki kwa kitabu cha kiada. Lengo la somo aliandike mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayejua jana watoto walikwama wapi. Na picha na sauti za wanafunzi zibaki kazini. Zisirushwe kwenye makundi ya simu, maana ni taarifa za watoto, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nina maombi matatu. Kwa Halmashauri: shule za mwambao, kama zile zinazofikiwa kwa boti kutoka hapa, zisisubiri mtandao. Maudhui yaliyochaguliwa kwa kufuata mada za mtaala yanaweza kupelekwa kwenye memori kadi kupitia kwa Maafisa Elimu Kata kila muhula, na paneli ndogo ya sola ya kuchajia vishikwambi iwekwe katika mipango ya bajeti kama yanavyowekwa madawati.

Kwa Wathibiti Ubora wa Shule: mnapoingia darasani, naomba msianze kwa kuuliza kama mwalimu ametumia TEHAMA. Anzeni na madaftari. Mkikuta wanafunzi wameweza kile kilichoandikwa kwenye lengo, ndipo mwulize njia iliyotumika. Mwalimu anayejua kwamba atahesabiwa alama kwa kuwasha kifaa atakiwasha, hata pale ambapo somo lilihitaji kizimwe.

Kwa walimu wakuu na walimu wa taaluma: tunao utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na Jumuiya za Kujifunza zipo shuleni. Naomba katika kikao chenu kijacho msijadili kifaa kwa ujumla. Mwalimu mmoja alete somo moja alilokwisha kulifundisha, aseme lengo lilikuwa nini, wanafunzi walikwama wapi, alitumia zana gani hapo na kwa nini hiyo, kisha aweke mezani madaftari matano, ya walioweza na ya wasioweza. Wenzake wayasome kwanza kimya, kabla mtu yeyote hajatoa maoni. Kikao kinachofuata, alete mwingine. Mimi niko tayari kufika katika shule zitakazoanza na kukaa nanyi tukisoma madaftari hayo, na Maafisa Elimu Kata naomba mniandikie majina ya shule hizo leo kabla hatujatawanyika.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.